SANDA TWAIJUA KUIKATA, NA KOFIA JEE?

Ewe msomaji, nina swali moja nataka nikuulize, nawe unijibu mwenyewe hapo ulipokaa, bila ya kumtazama jirani yako. Lau usiku wa leo atazaliwa mtoto katika mtaa wenu kabla ya kutimia siku zake, uzito wake kilo moja na nusu, kisha akafariki alfajiri, jee, sanda yake itachelewa? Haitachelewa. Duka litagongwa na litafunguliwa, bafta itapimwa, na mzee anayejua kukata atakata bila ya kuuliza kipimo, kwani kipimo anacho kichwani tangu ujana wake. Hayo ni mazuri na sina neno juu yake. Lakini lau mtoto huyo hakufariki? Lau kulipambazuka naye yu hai, anavuta pumzi zake ndogo ndogo, ni nani katika mtaa huo huo anayejua kumkatia kofia?

Mimi nasema hayupo. Atatafutiwa kofia ya mtoto aliyetimia, nayo itamshuka mpaka puani. Atavishwa soksi ya nduguye, imfike mapajani. Kisha atazongwa kanga juu ya kanga mpaka awe furushi, hujui kichwa kiko upande gani, na ndani ya furushi hilo mwili wake unapoa. Basi tazama hali yetu ilivyo: tumejiandaa kwa kifo cha mtoto huyu kuliko tulivyojiandaa kwa uhai wake.

Naandika haya Ujiji, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, na nawaandikia watu wa mwambao kwa sabababu moja: nguo ndiyo iliyotuunganisha. Waingereza Burton na Speke walipofika hapa Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wameshatangulia, na fedha iliyopokelewa ilikuwa ni ushanga na nguo, merikani na kaniki na vitambaa vya Kihindi. Shuka ilikuwa mikono 4, doti mikono 8, na mpaka mchukuzi wa mizigo alijua kuipima kwa kiwiko chake asipunjwe. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 mizigo ilishuka vichwani mwa watu, lakini nguo haikuondoka mjini petu. Pita leo katika mitaa ya Ujiji usikilize: cherehani zinalia barazani, hapa sare za shule, pale kanzu, pale magauni ya vitenge vilivyovuka ziwa kutoka Kongo. Ikitangazwa harusi moja tu, wanawake thelathini watanunua kitenge cha rangi moja, na mafundi watakesha. Kitenge hicho kitavaliwa siku moja. Kwa hivyo usiniambie kuwa hapa hapana fedha ya kitambaa, wala usiniambie kuwa hapana mkono unaojua kushona.

Mtoto huyu siku hizi ameitwa njiti, kama kijiti cha kiberiti. Jina hilo silipendi, lakini limeenea na nitalitumia. Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba. Usidhani ni jambo la nadra. Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake walihesabu kwamba kwa mwaka 2020 peke yake walizaliwa watoto milioni 13.4 wa namna hii duniani, yaani kiasi cha mmoja katika kila kumi. Hesabu waliozaliwa mtaani kwenu tangu Ramadhani iliyopita, kisha ugawe kwa kumi, utajua ninasema juu ya watoto wa nani.

Na adui wa kwanza wa mtoto huyu ni baridi. Ngozi yake ni nyembamba. Mafuta ya chini ya ngozi hakuyawahi, kwani hujengeka zaidi katika miezi ya mwisho ya mimba. Na kichwa chake ni kikubwa kwa kiwiliwili chake, basi joto jingi humtokea huko. Joto la mwili wake lataka liwe baina ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka, nguvu zote alizonazo atazitumia kujipasha moto: sukari katika damu yake itapungua, kunyonya kutamshinda, na mwisho pumzi zitaanza kukatika. Wala baridi ya kumdhuru haihitaji mlima wenye theluji. Hapa petu penye miembe na jua, upepo wa ziwa ukipita dirishani baada ya Isha, mtoto wa kilo moja na nusu aweza kupoa ilhali mama yake anajipepea kwa joto. Kofia ya shilingi chache huwa ni kinga baina yake na hayo.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, kwani wapo, na baadhi yao ni watu wa heshima.

Wa kwanza ni yule asemaye: "Huyo wa kushonewa nguo? Ngojeni kwanza tuone kama atafika arubaini." Maneno haya husemwa na watu wazima, tena kwa sauti ya huruma, nami nayahesabu katika maneno mabaya kabisa yanayosemwa majumbani mwetu. Ni nani aliyewapa amri ya kungoja? Sharia haikungoja arubaini. Mtoto akitoka hali ya kuwa hai, akalia, hapo hapo amekuwa mtu miongoni mwa watu: hurithi na hurithiwa, na akifa saa hiyo hiyo hupewa jina, huoshwa, hukafiniwa na husaliwa. Mwenye haki katika nyumba na shamba atakosaje haki katika kofia?

Tena wanavyuoni wetu walikuwa wakimjua mtoto huyu kabla ya kujengwa wodi yoyote. Katika zama za Makhalifa waongofu aliletwa mwanamke aliyezaa kwa miezi 6 tu, watu wakamtuhumu mabaya. Sayyidna Ali akaziunganisha aya mbili: ile ya Suratul Ahqaf inayohesabu mimba na kunyonyesha pamoja kuwa ni miezi 30, na ile ya Suratul Baqara inayotaja kunyonyesha kwa miaka 2 kamili. Toa 24 katika 30, yabaki 6. Kwa hesabu hiyo mafakihi wakaweka kuwa muda mchache kabisa wa mimba ni miezi 6, na mtoto wake ni mtoto halali mwenye nasaba yake timamu. Jee, nasaba ya njiti itetewe kwa aya za Mwenyezi Mungu, kisha sisi tuliokuja nyuma tushindwe kumtetea na upepo?

Sisemi kwamba kila njiti ataishi. Wapo wasioishi hata wakitunzwa na madaktari mabingwa, na ajali i mkononi mwa Mola. Lakini wapo wengi wanaokufa kwa kungojewa. Bi Doris Mollel, anayejulikana Tanzania nzima, alizaliwa akiwa na gramu 900. Hakufika kilo! Akakua, akasoma, akasimama mbele za watu, na mwaka 2015 akaanzisha taasisi yenye jina lake inayozisaidia hospitali kuwatunza njiti. Lau angelizaliwa katika nyumba ya yule anayengoja arubaini, sijui khabari yake ingelikuwa nini.

Wa pili husema kwamba kuweka nguo za mtoto ambaye hajazaliwa ni uchuro. Huyu simjibu kwa maneno mengi, kwani Mtume (S.A.W.) ametukataza kuamini fali mbaya, na mwenye kuamini uchuro ana la kuzungumza na mwalimu wake wa chuoni. Nitasema neno moja tu la akili. Sare ya shule huagizwa mwezi mzima kabla. Gauni la harusi hupimwa, likarudiwa kupimwa. Njiti haagizi. Huja usiku, bila ya ahadi, na baba yake hutoka mbio hajui aanzie wapi. Kwa hivyo nguo zake haziwezi kungoja mpaka ziagizwe. Lazima ziwepo zimeshashonwa, zimefuliwa, zimewekwa. Ndiyo sababu nasema jambo hili lataka mfanyabiashara, mtu mwenye mali iliyoko tayari rafuni.

Hapo ndipo anaponijia wa tatu, naye ndiye mzito kuliko wote. Yeye husema: "Haya yafaa yawe sadaka. Kumuuzia mtu aliyefikwa na njiti ni kufanya biashara ya msiba." Maneno yanapendeza masikioni, na msemaji huonekana mwema kuliko mimi. Lakini nitazame naye kwa makini. Anayeuza bafta ya sanda jee, hafanyi biashara? Anayeuza dawa, anayekodisha gari la kumpeleka mgonjwa Maweni usiku wa manane, anayeuza maziwa, wote hawa hupata faida yao na hatujawaita wala misiba. Kwa nini ikifika zamu ya mwanamke wa Ujiji mwenye cherehani yake, ndipo tunapokumbuka kuwa kazi njema haina ujira?

Na hiyo sadaka tunaijua inavyokuja. Tarehe 17 Novemba ni siku ya njiti duniani. Siku hiyo wageni hufika wodini na maboksi, kofia hugawiwa, picha hupigwa, hotuba husomwa, na sisi twashukuru, kwani asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Lakini yuko mtoto aliyezaliwa tarehe 18. Yuko wa mwezi wa Machi, wakati wa mvua, barabara zimeharibika, na boksi lilikwisha zamani. Sadaka huja kwa moyo wa mtoaji. Duka hufunguliwa kila siku kwa sababu mwenye duka ana watoto wake wa kuwalisha. Mimi namwamini zaidi mwenye kurudi kesho.

Tena hakuna kinachozuia mambo hayo mawili yakutane. Mwenye kutaka thawabu na aende dukani kwa huyo mwanamke, anunue seti kumi kwa bei yake halali, azipeleke wodini kwa wasio na uwezo. Mtoto atapata, masikini atasitirika, na fundi atalipwa jasho lake. Bibi Zainab binti Jahshi, mke wa Mtume (S.A.W.), alikuwa fundi wa mikono, akitengeneza ngozi na kushona, na alichokipata akikitoa sadaka. Mkono wake ulisifiwa kwa urefu, na urefu huo ulikuwa ni wa kutoa. Lakini angalia mpango wake: kwanza alifanya kazi, kazi ikalipwa, kisha ndiyo akatoa. Sisi tunamtaka mwanamke atoe kabla hajapata.

Wa nne ni kijana msomi. Yeye husema: "Mambo ya nguo ni ya zamani. Dunia ina mashine za kuwapasha joto." Ndiyo, zipo, na Mungu azizidishe. Lakini mji wetu kwa miaka mingi ulipata umeme kwa jenereta za dizeli, na kila mtu hapa anajua jenereta ikinyamaza ilikuwaje. Nami nitamsimulia kijana huyu kisa cha Bogotá, mji mkuu wa Kolombia. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey Sanabria aliona mashine hazitoshi, watoto wakilazwa wawili watatu ndani ya moja na kuambukizana. Akachukua njiti, akamweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, amefungwa hapo usiku na mchana. Ilichekwa kwanza, kisha ikaenea duniani, na sisi twaiita njia ya kangaruu. Mwaka 2021 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika nchi 5, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu. Watoto wa baina ya kilo 1 na kilo 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila ya kungojea wapate nguvu kwanza, walikufa 12 katika kila 100. Wale waliongojewa wakafa karibu 16. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaagiza kifua cha mama kiwe ndicho cha kwanza.

Msomaji mwepesi ataniuliza: "Basi ikiwa dawa ni ngozi ya mama, nguo za nini?" Swali zuri, na ndani yake mna kazi yote ninayokuitia. Kwani hapa ndipo watapotea wengi watakaoingia katika biashara hii kwa tamaa. Watashona vigauni vya tuli na marinda, vyenye vifungo vya kung'aa na utepe shingoni, kama vya mwanasesere, kwa sababu vinapendeza dirishani. Njiti hana haja navyo, na vitamdhuru. Tuli humkwaruza, kifungo humwachia alama, utepe ni kitanzi, na gauni humtenga na kifua kinachomweka hai. Fundi mwenye kumcha Mungu, mama akija kununua, neno lake la kwanza liwe hili: "Mwanangu, nguo yake ya kwanza ni kifua chako. Mimi nitakupa vya kusaidia."

Na vya kusaidia ni vichache. Kofia, kwa sababu kichwa ndicho kinachobaki nje. Soksi. Winda dogo, kwani winda la mtoto aliyetimia humfika njiti makwapani na likilowa humpoza mwili mzima. Kijishati kisicho na mikono, kilicho wazi mbele toka juu mpaka chini, ili kifua cha mtoto kigusane na cha mama, na muuguzi aweze kupitisha mpira wa kumlishia bila ya kumvua. Na mwisho mbeleko. Lakini mbeleko ya kifuani, si ya mgongoni. Kanga ni nguo ya baraka, ila kwa kazi hii huteleza na kulegea, na mama huishi kwa wasiwasi wa kuifunga upya. Mshipi mpana wa kitambaa cha fulana, kinachovutika, humshika mtoto akiwa wima baina ya maziwa, miguu imekunjwa kama ya chura, shavu moja limelala kifuani, ukingo wa juu ukifika chini ya sikio lake. Mama akiwa na hicho aweza kukaa, kutembea, hata kulala akiwa ameegemea.

Na hii mbeleko ina maana kubwa zaidi kwetu kuliko kwa wengine. Mwaka 2025 sheria za kazi za Tanzania zilirekebishwa ili mama mwajiriwa aliyejifungua njiti aongezewe likizo. Ni jambo jema na waliolipigania washukuriwe. Lakini mama wa Ujiji anayeanika dagaa, au anayechemsha mawese, au anayeuza samaki sokoni, likizo yake ataiomba kwa nani? Akiruhusiwa kutoka hospitali mtoto angali mdogo, kifua chake kitatakiwa na mtoto na mikono yake itatakiwa na nyumba. Mshipi huo ndio utakaompa vyote viwili.

Kitambaa kiwe pamba tupu. Usilete vipande vya vitenge vilivyobaki chini ya meza. Havivutiki. Kitambaa cha fulana ndicho. Mshono uelekee nje, kwani ngozi ya njiti huchubuka kwa uzi. Pasiwe na pini, wala shanga, wala hirizi iliyoshonewa ndani, hata bibi akilia. Kila kitu kifuliwe kwa sabuni na maji ya moto, kianikwe, kipigwe pasi pande zote mbili kabla ya kuuzwa. Mnunuzi hatakuwa na wakati wa kufua.

Sasa hesabu. Kofia moja ya njiti yataka kipande cha sentimita 30 kwa 20. Mita 1 ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150 itakupa kofia 25. Jitazamie mwenyewe: kitambaa ni kidogo, gharama kubwa ni muda wa mkono na uangalifu. Hii ni kazi ya mwanamke mwenye cherehani ambayo tayari anayo, anayeshona pia sare na nguo za watoto wa kawaida. Usifungue duka la njiti peke yake, utalala njaa na watoto wako. Weka rafu moja. Hutajirika kwa rafu hiyo, nami sikudanganyi. Lakini itakulipa, na itawaleta watu kwenye rafu nyingine.

Mtaji wake ni mdogo, na kwa ajili hiyo nasikitika nikisikia mwanamke amekwenda kuuchukua kwa wale wa mikopo ya kausha damu, anakopa leo, wiki ijayo anadaiwa na nyongeza, na mwezi wa pili cherehani yenyewe imebebwa. Riba ni riba, hata ikivaa shati jeupe. Upatu wa wanawake wenyewe watosha kununua mita kumi za fulana. Akitokea mwenye fedha asiyejua kushona, na waandikiane kwa njia ya mudaraba: huyu atoe mali, yule atoe kazi, faida wagawane kwa sehemu waliyokubaliana, na ikitokea hasara bila ya uzembe, mwenye mali abebe hasara ya mali na fundi awe amepoteza jasho lake. Tena iko mikopo ya halmashauri isiyokuwa na riba, iliyowekwa na sheria tangu mwaka 2018 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 na ikarejeshwa 2024. Ina foleni na makaratasi mengi, lakini haili nyama ya mtu.

Nanyi akina baba, mnaosema mke asishughulike na biashara kwa kuwa nyinyi ndio wenye kulisha, nakukumbusheni kwamba ile aya ya kunyonyesha katika Suratul Baqara imemwekea baba chakula na nguo. Nguo zimetajwa. Basi kama hutaki mkeo ashone kofia ya njiti, tuonyeshe wewe umeiweka wapi.

La mwisho ni bei, na hapa nitakuwa mkali. Baba wa njiti akifika dukani hana akili ya kuvutana. Atalipa utakalomtajia. Mwenye kumwongezea kwa kuwa amembana, huyo ndiye mfanyabiashara wa msiba aliyemtaja rafiki yetu wa tatu, na dhambi yake isiwe sababu ya kuwakataza wengine. Bei iandikwe juu ya rafu, ile ile ya mchana na usiku, ya mwenyeji na mgeni. Imamu Abu Hanifa alikuwa muuza nguo mjini Kufa. Siku moja mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro na akasahau kumwonyesha mnunuzi kasoro hiyo, na mnunuzi asijulikane alikokwenda. Imamu akaitoa sadaka thamani yote ya mauzo. Ile ilikuwa nguo ya mtu mzima! Kofia iliyochanganywa nailoni na kuuzwa kwa jina la pamba, kwa kichwa cha kilo moja na nusu, ihesabu mwenyewe.

Kwa mwenye kutaka kuanza, vipimo ni hivi kwa kukisia: kichwa cha aliyezaliwa wiki ya 28 huzunguka kiasi cha sentimita 26, cha wiki ya 32 kiasi cha 29, na cha aliyetimia kiasi cha 35. Kata kwa upungufu wa sentimita moja au mbili, kwani fulana huvutika. Kofia ishike bila ya kubana, kidole kimoja kipite. Ukingo uache mrefu wa kukunja, ili mtoto akikua ukunjuliwe. Usiandike miezi juu ya nguo hizi, maana miezi ya njiti huwachanganya hata wazazi wake. Andika kilo: 1, 1.5, 2. Vipande vitakavyobaki vishone vifuko vya kutilia kila seti. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na kifuko cha kitambaa humfaa mama baadaye.

Kisha usingoje wateja waje Ujiji. Peleka seti chache kwenye maduka ya karibu na hospitali ya Maweni, na kwenye maduka ya dawa, na uwaonyeshe wakunga. Wala usiwasahau watu wa vijiji vya ziwani ambao gari haifiki kwao. Mashua za Mwamgongo na vijiji vya kaskazini huondoka Kibirizi, na mama aliyejifungua njiti huko huletwa mjini kwa mashua hizo hizo, upepo ukimpiga njia nzima. Kofia na mbeleko vyataka vimfike kabla hajapanda. Mpe mwenye duka wa huko seti 2, mkubaliane atalipa zikiuzwa. Zikikaa miezi mitatu bila ya kuuzwa, zirudi kwako, uzifue, uzipige pasi upya, uzipeleke kijiji kingine.